Usaili wa Udaktari Marekani: Wanapima Moyo au Ulimi?

Kila mwaka msimu wa maombi ya vyuo vya udaktari unapofunguliwa Marekani, hunifikia ujumbe kutoka kwa vijana wetu walioko huko: wahitimu niliowafundisha, na watoto wa jamaa zetu waliozaliwa ughaibuni. Wengi wao wanaomba nafasi katika vyuo vya ostiopathia. Wana shahada ya kwanza, wamefaulu mtihani wa MCAT, na barua za kuwadhamini zimekwisha kutumwa. Wameitwa kwenye usaili, yaani chuo kimeridhika na karatasi zao. Kinachowanyima usingizi ni swali moja wanalojua kuwa litaulizwa: "Kwa nini ostiopathia?"

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba swali hilo, kwa namna linavyoulizwa, hupima mazoezi ya ulimi kuliko moyo wa utabibu, na kwamba gharama ya kasoro hiyo hulipwa zaidi na mtoto wa maskini na mtoto wa mgeni.

Nianze kwa kuweka jambo wazi, kwani msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuchanganya. Uingereza, ostiopathi si daktari. Ni mtaalamu wa kutibu viungo kwa mikono. Marekani ni tofauti. Huko kuna milango miwili ya kuingilia udaktari kamili: shahada ya MD na shahada ya DO. Mwenye DO huandika dawa, hufanya upasuaji, na huweza kupewa leseni katika majimbo yote 50. Mwanzilishi wa njia hii ni Andrew Taylor Still, tabibu aliyepoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864 na kukosa imani na dawa za zama zake. Mwaka 1874 alitangaza fikra zake mpya, na mwaka 1892 akafungua chuo katika mji wa Kirksville, jimboni Missouri. Alifundisha kuwa mwili ni kitu kimoja, kwamba umbo la kiungo na kazi yake havitengani, na kwamba mwili una uwezo wa kujiponya. Leo wanafunzi wa DO husoma tiba ile ile wanayosoma wenzao wa MD, kisha huongezewa takriban saa 200 za mafunzo ya kutibu kwa mikono.

Ni haki pia kueleza kwa nini vyuo hivi huuliza swali hilo. Madaktari wa DO walidharauliwa kwa miongo mingi. Mwaka 1962 huko California, zaidi ya 2,000 kati yao walibadilishiwa shahada na kuwa MD kwa ada ya dola 65, na jimbo likaacha kutoa leseni mpya kwa wenye DO hadi mahakama ilipoingilia kati mwaka 1974. Mafunzo ya ubingwa ya makundi haya mawili yalikuja kuwekwa chini ya mfumo mmoja wa ithibati mwaka 2020 tu. Taaluma iliyopita katika tanuri hilo ina sababu ya kumuuliza anayebisha hodi: umekuja kwa kutupenda, au umekuja kwa sababu kwingine umekataliwa? Swali lina jeraha nyuma yake, na jeraha hilo ni la kweli.

Lakini sababu nzuri ya kuuliza haifanyi swali kuwa kipimo kizuri. Jibu linalotarajiwa linafahamika kwa kila mtu. Mwombaji atasema anapenda kumtazama mgonjwa kwa ujumla wake, mwili, akili na roho, atamtaja Still, atasimulia siku alipomfuata daktari wa DO kazini na kuona mikono ikituliza maumivu. Jibu hili hufundishwa, na wako wanaolipwa kulifundisha. Kijana mwenye fedha hufanyishwa mazoezi hata ya mahali pa kunyamaza na mahali pa kutabasamu. Mwenzake akijibu kwa unyofu, "Nataka kuwa daktari, vyuo vyenu vinatoa madaktari wazuri, nami niko tayari kujifunza mnachofundisha," huonekana hana mapenzi. Hivyo mkweli huondoka na alama ndogo, na aliyekariri huondoka amesifiwa kwa unyofu.

Tazama pia sharti la kumfuata daktari kazini. Vyuo vingi vya DO hupenda, na baadhi hudai, barua ya daktari wa DO anayemfahamu mwombaji. Mtoto ambaye shangazi yake ni daktari hupata barua hiyo kwa simu moja. Mtoto wa mkimbizi kutoka Kongo, ambaye mama yake hufanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, ataandika maombi mengi kwa watu asiowajua, na kila siku atakayopewa ya kumfuata daktari ni siku ya ujira iliyopotea. Siku ya usaili wote wawili huulizwa swali moja, kana kwamba wametembea njia moja.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Tumelelewa na methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumefunzwa kwamba mtu hajisifu mbele ya wakubwa zake, na kwamba kuinamisha macho mbele yao ni adabu. Ukiingia katika usaili wa Kimarekani, malezi hayo yote hugeuka hasara. Kijana aliyemhudumia bibi yake miaka mitatu husema "tulimuuguza", na msaili, asiyejua uzito wa kiambishi hicho, humuuliza: "Wewe binafsi ulifanya nini?"

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba vijana hawa mara nyingi wanalo jibu bora kuliko la vijitabu, lakini wanaliona haya. Wengi wamekuzwa na bibi waliojua kukanda na kuchua viungo, au wanamfahamu muunga mifupa aliyeheshimiwa na kijiji kizima. Hulificha hilo wasije wakaonekana washamba. Laiti wangejua kuwa Still mwenyewe, kabla ya kuwa na chuo, alizunguka miji ya Missouri akijitangaza kuwa muunga mifupa! Mwana wa mkandaji ana haki ya kulizungumzia jambo hili kuliko aliyelisoma juzi, mradi aeleze pia mipaka ya mikono, na lini mgonjwa apelekwe hospitali.

Kuhusu gharama, kabla ya 2020 mwombaji alijilipia nauli, malazi na suti, na aliyeitwa na vyuo vitano alijilipia mara tano. Janga la UVIKO-19 lilihamishia usaili kwenye video, na vyuo vingi vimeendelea hivyo. Nauli imepungua, lakini si kila mtu ana chumba kitulivu na intaneti isiyokatika. Akikubaliwa, kwa kawaida hudaiwa amana ya kushikilia nafasi, na mara nyingi amana hiyo hairudishwi. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa wiki, hata habari njema ina makali yake.

Watakaonipinga watasema kuwa mtihani hauoni huruma, kwa hiyo usaili ni lazima. Nakubaliana nao. Sitaki kutibiwa na mtu ambaye sifa yake pekee ni kukokotoa. Ninachodai ni usaili unaopima huruma kwa kuitazama ikitenda kazi. Njia ipo. Mwanzoni mwa karne hii Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilianzisha usaili wa vituo: mwombaji hupita vituo kadhaa, kila kimoja kwa dakika chache, husoma kisa mlangoni, kisha huingia na kukishughulikia mbele ya msaili tofauti. Upendeleo au uchovu wa msaili mmoja hauwezi kumuua wala kumbeba. Baadhi ya vyuo vya ostiopathia vimeuchukua mfumo huu, na vilivyobaki vifuate. Mpe kijana mgonjwa anayelia, au mgonjwa asiyejua lugha yake, umtazame. Vigezo vya alama vitangazwe mapema. Na swali la "kwa nini" likibaki, liwe mlango wa mazungumzo, lisiwe jiwe la kumpimia mtu imani.

Kwa vijana wanaojiandaa, nasema hivi: msikariri mapenzi. Semeni "mimi" pale mlipotenda ninyi, bila kuona kuwa mmewakosea wazee. Kutoa ushahidi si kujigamba. Na mkiulizwa kuhusu ndoa, jueni kwamba sheria ya Marekani hairuhusu vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kudai habari hizo kabla ya kumpokea mwanafunzi.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma: kwetu Tanzania na Kenya mlango wa udaktari hufunguliwa kwa alama za mtihani, na husikika sauti za kutaka usaili uongezwe. Wazo lenyewe si baya. Lakini usaili usio na maswali ya pamoja, wasaili kadhaa na vigezo vilivyoandikwa huwa ni mlango wa uani: hupita anayejulikana na anayejua kusema. Anayeutaka aanze kwa kujibu ni nani atakayemlipia nauli mtoto wa Kigoma, na ni kwa kipimo gani ukimya wake utatofautishwa na ujinga.