Mkimbizi na mkimbiaji: Mbio za Jumamosi mjini Garissa

Kitenzi "kukimbia" kimezaa watoto wawili katika lugha ya Kiswahili, na watoto hao hawafanani hata kidogo kwa bahati. Wa kwanza ni mkimbizi. Wa pili ni mkimbiaji. Mkimbizi ameundwa kwa kiambishi kikongwe cha -i, kile kile kilichotupa mlezi kutokana na kulea na mjuzi kutokana na kujua. Mkimbiaji naye ameundwa kwa -aji, kiambishi ambacho walimu wa sarufi huwafundisha wanafunzi wao kuwa aghalabu huonyesha mazoea. Msomaji si mtu aliyesoma barua moja jana, bali ni yule asomaye daima. Kadhalika, mkimbiaji si yule aliyetoka mbio mara moja kwa kuwa nyumba yake inaungua. Yeye hukimbia wiki hii, na wiki ijayo, na ile itakayofuata, bila kufukuzwa na mtu.

Kisomali hakikuchanganya mambo hayo. "Orod" ni mbio, na mwanariadha wa mbio ni "orodyahan". Mkimbizi ni "qaxooti", neno la shina jingine kabisa. Ndiyo maana wanafunzi wenye asili ya Kisomali huniuliza mara kwa mara kwa nini Waswahili wamemweka mtu anayeokoa roho yake na mtu anayenyoosha viungo katika nyumba moja. Jibu la kiisimu ninalo, nami hulitoa. Lakini nakiri kwamba swali lenyewe lina uzito zaidi ya jibu langu, hasa linapoulizwa Garissa.

Kaunti ya Garissa ndiyo iliyo na kambi za Dadaab, yaani Hagadera, Ifo na Dagahaley, ambazo zilianza kupokea watu mwaka 1991 Somalia iliposambaratika. Tangu hapo, katika taarifa za habari za taifa letu, jina la Garissa limezoea kuandamana na neno mkimbizi. Neno mkimbiaji limeachiwa Iten, Eldoret na Kaptagat. Mgawanyo huo umekaa vichwani mwetu hata tunauona kuwa ni maumbile, kana kwamba Mwenyezi Mungu aliwaumbia watu wa nyanda za juu miguu na watu wa nyanda kame miguu ya aina nyingine.

Nalisema hili kwa sababu mimi ni miongoni mwa watu wachache wanaokimbia pamoja mjini Garissa kila Jumamosi asubuhi. Chama hatuna, wala jezi, wala mwenyekiti. Wamo walimu wa shule za msingi na sekondari, wanafunzi wa chuo, wauguzi, makarani wa kaunti, na muuza mbuzi mmoja ambaye hutushinda sote kwa kasi na hutukumbusha jambo hilo wiki nzima. Tunakwenda kilomita tano. Huanza mara tu kunapopambazuka, kwa sababu Garissa iko takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari na joto la mchana huko hupita digrii 35 katika miezi mingi ya mwaka. Ikifika saa mbili na nusu, lami imekwisha kuanza kurudisha moto usoni. Tukishika njia ya kuelekea Bour-Algi, hutokea tukawaona twiga wa hifadhi ile wakitutazama kwa mshangao wa heshima. Korongo wa mjini hawana heshima hiyo. Husimama juu ya jaa na kututazama kama watu wanaosubiri mmoja wetu aanguke. Adui mkubwa zaidi ni mwiba wa mathenge, ambao hutoboa soli ya kiatu cha bei yoyote ile.

Swali la kwanza tunaloulizwa na wapita njia ni hili: mnalipwa na nani? Sishangai. Kenya imewafundisha watu wake kwamba mbio ni kazi. Mtoto wa Iten hukimbia ili amnunulie mama yake shamba, na ni haki yake. Kila Alhamisi asubuhi, wakimbiaji wengi hukusanyika nje ya mji ule, ulio katika kimo cha takriban mita 2,400, wakafanya zoezi la kupishanisha kasi na pole, na mtu yeyote ana ruhusa ya kujiunga nao, maadamu pumzi zinamruhusu. Hata hivyo, wengi wanaofika pale wanatafuta riziki. Mbio za mtu asiyetafuta chochote bado ni jambo geni kwetu, nchi ambayo jina lake ulimwenguni ni mbio. Waingereza, ambao hawatushindi katika marathoni, wametushinda hapa. Mnamo Oktoba 2004, watu 13 walikimbia kilomita tano katika bustani ya Bushy Park, London, bila kiingilio wala zawadi. Wakarudi wiki iliyofuata, na desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi, ikaingia Afrika Kusini mwaka 2011.

Swali la pili ni zito zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele ya duka, kikombe cha chai mkononi, alimwita mwenzetu aliyekuwa akihema: "Waryaa macallin, nani anakufukuza?" Watu walicheka, na mwalimu mwenyewe akacheka. Lakini mzee wa umri ule ana sababu ya kuuliza. Katika eneo hili, kwa muda mrefu, mtu aliyekimbia alikuwa anafukuzwa kweli. Vita vilivyoitwa vya shifta vilidumu tangu 1963 hadi 1967. Sheria za hali ya hatari zilizolitenga Jimbo la Kaskazini Mashariki na Kenya nyingine hazikufutwa hadi 1991. Kati ya miaka hiyo kuna Garissa ya Novemba 1980, na kuna uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, Februari 1984. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipangwa foleni wakahakikiwa uraia wao upya. Mtu aliyelelewa katika historia hiyo alifunzwa kutembea polepole mbele ya kizuizi cha barabara, mikono ikionekana, kitambulisho kikiwa tayari. Kukimbia kulikuwa ni kujishuhudia hatia.

Hadi leo, mwenzetu akivaa suruali ya mazoezi isiyo na mfuko, hukifunga kitambulisho chake ndani ya soksi. Sijapata kumwona mkimbiaji wa Karura, Nairobi, akifanya hivyo. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa uhakiki wa ziada waliokuwa wakifanyiwa wakazi wa kaunti za mipakani wanapoomba vitambulisho. Ni hatua njema, nasi tuipime kwa utekelezaji wake. Kwangu mimi, kipimo kimoja rahisi kitakuwa siku ambayo kijana wa Bula Iftin atapita mbio mbele ya askari alfajiri, naye askari asione ndani yake ila kijana anayefanya mazoezi.

Nimetaja alfajiri, na hapana budi niseme kwa nini saa hiyo ni nzito Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya jua kuchomoza, wauaji wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Watu 148 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Serikali ikatoa amri ya kutotoka nje katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka uliofuata kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Majengo yalirudi. Saa ile ya alfajiri haikurudi upesi. Wapo watu waliokaa miaka mingi bila kutoka nje ya geti kabla ya jua kupanda, na sithubutu kuwaita waoga. Sisi tunapotoka saa kumi na mbili hatumwonyeshi mtu ushujaa. Tunaichukua tena saa moja ya siku iliyokuwa yetu.

Walimu wanaosoma ukurasa huu wanajua pigo jingine. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, Januari 2020, Tume ya Huduma kwa Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kutoka sehemu nyingi za eneo hili, na madarasa yakabaki na wanafunzi wanaotazamana. Kabla ya hapo, shambulio la basi Mandera mnamo Novemba 2014, ambamo watu 28 waliuawa, walimu wakiwa miongoni mwao, lilikuwa limekwisha kuwatia hofu wengi. Sidai kwamba mbio za Jumamosi huzuia risasi. Atakayesema hivyo anawadhihaki marehemu. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho nimekiona: mwalimu kutoka Machakos au Kisii ambaye huishi ndani ya ua, akaenda darasani na kurudi uani, hubaki mgeni hata akikaa miaka mitano. Yule anayepita mtaani akikimbia kila wiki hujulikana kwa sura, kisha kwa jina, kisha kwa utani. Wenyeji humwuliza alikuwa wapi asipoonekana.

Kwa mtu wa kazi yangu, lipo jambo la lugha pia. Katika ofisi za walimu nilizozitembelea, kila kundi huketi na lugha yake, na Kiingereza hutumiwa kwa mambo rasmi. Barabarani mambo hugeuka. Mtu anayehema hana nafasi ya kuchagua maneno. Husema "pole pole", husema "twende", husikia "kaalay" naye hufuata. Baada ya miezi michache, mwalimu wa bara huwa amepata Kisomali cha kumtosha sokoni, na muuza mbuzi wetu amepata Kiswahili ambacho hakukipata shuleni. Hakuna mtaala uliopangwa kufanya hivyo.

Nao wanawake? Hapa pana mjadala wa kweli, na sitaki kuupita kwa mzaha. Wapo wanaoona kwamba haifai mwanamke kukimbia mbele za watu. Wapo pia wanaokumbusha kwamba katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kuwa Bi Aisha alishindana mbio na Mtume, akamshinda mara ya kwanza, na mara nyingine akashindwa. Mimi si mwanazuoni wa dini, kwa hiyo nitataja tu nilijualo la Waswahili. Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu, vikundi vya mazoezi hukutana kila tarehe 1 Januari kuadhimisha siku ya mazoezi, wanawake kwa wanaume, wanawake wakiwa wamejisitiri, na viongozi wa serikali hutembea nao. Tanzania Bara, mwishoni mwa 2016, Bi Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi kwa ajili ya kupambana na maradhi yasiyoambukiza. Mjini kwetu, wauguzi wawili walianza kwa kutembea nyuma ya kundi. Sasa wapo saba, wana njia yao na saa yao, na wamekataa katakata kuungana nasi. Wanasema tunaongea sana.

Turudi kwa watoto wawili wa kitenzi kile. Msomaji anaweza kusema kwamba wamepoteana. La hasha, hukutana kila mara. Abdi Bile aliiletea Somalia ubingwa wa dunia wa mita 1,500 mjini Roma mwaka 1987, nchi yake ikiwa bado imesimama. Agosti 2021, katika marathoni ya Olimpiki ya Tokyo iliyokimbiwa Sapporo, Eliud Kipchoge alitwaa dhahabu. Nyuma yake walikuja Abdi Nageeye wa Uholanzi na Bashir Abdi wa Ubelgiji, wote wawili wazaliwa wa Mogadishu; na katika mita za mwisho Nageeye aligeuka akamwashiria mwenzake ajikaze, akampita Lawrence Cherono, Mkenya, na kuchukua shaba. Hao ni wana wa ukimbizi waliogeuka wakimbiaji. Samia Yusuf Omar alikwenda kinyume. Alikimbia mita 200 Beijing mwaka 2008, akamaliza wa mwisho katika mchujo wake huku uwanja ukimshangilia, na mwaka 2012 alikufa maji katika bahari ya Mediterania akijaribu kufika Ulaya. Timu ya Wakimbizi ya Olimpiki ilipoundwa kwa ajili ya Rio 2016, wakimbiaji wake watano waliotokea Kenya walikuwa wamelelewa kambi ya Kakuma, wakafunzwa Ngong chini ya Tegla Loroupe. Dadaab haikutoa hata mmoja. Je, katika umati wote ule hakuna miguu?

Naijua hoja itakayotolewa: serikali za kaunti zina uhaba wa maji, dawa na barabara, sembuse mbio! Lakini sisi hatuombi uwanja. Fedha za viwanja zina mahali pake, nchi zetu tatu zilipopewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kigali ilianza mwaka 2016 kufunga baadhi ya barabara kwa magari asubuhi za Jumapili zilizoteuliwa, watu wakakimbia, wakaendesha baiskeli, na mji haukufa njaa. Garissa, Wajir na Mandera zinaweza kufunga barabara moja, saa moja, mara moja kwa wiki, polisi wakiwa na taarifa. Tumelipeleka ombi hilo kwenye ofisi moja ya umma, tukaambiwa tuandike upya tukitaja "mfadhili". Tumeandika upya. Mfadhili hatukumtaja, kwa kuwa hayupo.

Walimu nao wasingoje barua. Vipindi vya mazoezi ya viungo vimo katika ratiba, ingawa sote tunajua jinsi vinavyolishwa kwa hisabati mitihani inapokaribia. Aliye Wajir, Mandera au Masalani na achague njia iliyo wazi, aulize kwanza kwa chifu na wazee kama ni salama, ateue siku na saa, na asiibadilishe. Ramadhani isogezwe jioni, karibu na futari. Umbali hupimwa kwa baiskeli: mzunguko mmoja wa gurudumu kubwa ni mita mbili na kidogo, kwa hiyo funga kitambaa kwenye tairi, hesabu mizunguko 1,140 hivi, weka jiwe lililopakwa chokaa, kisha geuka urudi ulikotoka.