Tusifute Diski Kabla ya Kuchunguza

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Shule yenye kompyuta za zamani, ambazo hazitimizi masharti ya Windows 11, haina budi kutafuta njia nyingine. Njia moja ya busara ni kuweka Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991 na upatikanao bila malipo, kando ya Windows katika diski ile ile, ili mtumiaji achague mfumo autakao kila awashapo mashine.

Njia hii ina mtihani wake. Hutokea kwamba baada ya kuwekwa mfumo wa pili, au baada ya mmojawapo kupokea masahihisho, mashine huwashwa isifike popote: kioo cheusi na maneno machache tu. Hapo aghalabu hutolewa hukumu moja: diski ifutwe, kazi ianze upya. Naona kuwa hukumu hiyo, mara nyingi, ni ya haraka na ya dhuluma. Huteketeza maandishi ya mwalimu na kazi za wanafunzi kwa kosa lisilokuwamo ndani yake.

Yafaa tufuate safari ya mashine tangu inapopata umeme. Kwanza huamka programu ndogo iliyowekwa na mtengenezaji katika ubao mkuu. Programu hiyo hukagua viungo vya mashine, kisha hutafuta programu nyingine iitwayo kianzishi. Kianzishi ndicho kinachopakia kiini cha mfumo katika kumbukumbu na kukikabidhi madaraka. Ni mbio za kupokezana kijiti: kijiti kikianguka njiani, mkimbiaji wa mwisho huwa mzima, ila hajafikiwa.

Katika mashine za zamani kianzishi hukaa katika sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. Kati ya hizo, 446 ni za maagizo, 64 ni za jedwali la migawanyo ya diski, na 2 za mwisho ni alama ya uhalali. Windows ikiwekwa baada ya Linux, huandika maagizo yake juu ya yale yaliyokuwapo. Je, ni haki kufuta diski ya baiti bilioni 500 kwa ajili ya baiti 446? Katika mashine mpya zaidi, zifuatazo utaratibu wa UEFI, vianzishi vya mifumo yote huweza kukaa pamoja katika sehemu moja ndogo ya diski, na orodha ya kipi kitangulie hutunzwa katika ubao mkuu. Huko mara nyingi hakuna kilichopotea. Zamu tu imebadilishwa.

Basi swali la kwanza na liwe hili: safari imekomea wapi? Ikiwa mashine yaingia Windows moja kwa moja, tuitazame orodha ya zamu katika mipangilio ya ubao mkuu. Ikiwa yasimama penye maneno «grub rescue», kianzishi cha Linux ki hai lakini hakioni mafaili yake, pengine kwa kuwa migawanyo ya diski imebadilishwa. Ikiwa orodha ya Linux yaonekana bila Windows, tukumbuke kwamba tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, kianzishi GRUB hakitafuti mifumo mingine mpaka kiruhusiwe.

Mfano wa Agosti, 2024 watufunza zaidi. Masahihisho ya usalama ya Windows yaliweka katika ubao mkuu amri ya kuvikataa vianzishi vya Linux vyenye kasoro. Microsoft ilikuwa imeeleza kuwa mashine zenye mifumo miwili zisingeguswa, nyingi ziliguswa. Mtu ambaye angefuta diski na kurudisha toleo lile lile la Linux angekataliwa tena, kwa maana amri haikuwamo katika diski. Dawa ilikuwa kuzima kwa muda ulinzi wa uwashaji, kuiondoa amri kutoka ndani ya Linux, kisha kuurudisha ulinzi.

Fundi atasema kwamba kufuta huokoa wakati. Huokoa wakati wake yeye. Muhula wa kazi za mwanafunzi haurudishwi kwa saa moja. Nakiri kwamba diski iliyoharibika kweli haina budi kubadilishwa, lakini hilo lithibitishwe kwanza.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kila shule iwe na flashi za kuwashia mifumo yote miwili, zilizojaribiwa kabla ya siku ya shida. Pili, migawanyo ya kila diski iandikwe daftarini pamoja na ufunguo wa akiba wa diski iliyofungwa kwa siri, kwani kugusa mipangilio ya uwashaji huweza kuifanya Windows iudai ufunguo huo. Na nakala za kazi zitunzwe nje ya mashine. Tatu, mwalimu alifanye tatizo hili kuwa somo: wanafunzi waichore safari ya uwashaji na waonyeshe mahali ilipokatika kabla mkono wa yeyote haujagusa diski.