FARASI ALIPUMZISHWA, DEREVA JE?



Kila mara mashini mpya inapotajwa katika mikutano ya matawi, watu hugawanyika. Wengine husema itatufukuza sote, wengine husema itatupunguzia taabu. Safari hii twataka kuwapa habari za wafanyi kazi wenzetu wa reli waliokwisha kuyaona mambo hayo zamani katika miji ya Marekani, wakati magari ya reli za barabarani, yaani tramu, yalipokuwa yakivutwa na farasi, na wenye kampani wakawa wanatafuta njia ya kumwondoa farasi huyo.

Tramu ya kwanza ya farasi ilianza New York mwaka 1832. Gurudumu la chuma juu ya reli huenda kwa wepesi, na farasi wawili waliweza kuvuta abiria wengi kuliko katika barabara ya mawe. Hilo sisi watu wa reli hatuna haja ya kufundishwa. Lakini farasi hula hata siku asiyofanya kazi, tena huchoka upesi. Alivuta kwa muda wa saa 4 au 5 tu kwa siku, kisha akabadilishwa. Kwa hiyo gari moja la kutembea kutwa lilihitaji farasi 7 hadi 10 zizini. Bei ya mmoja ilikuwa kama dola 125 hadi 200, na baada ya miaka minne au mitano ya kazi alikuwa amekwisha, akauzwa. Ongezeni shayiri, nyasi kavu, mishahara ya masaisi, mafundi wa viatu vya chuma, na samadi iliyojaa barabarani.

Kisha mwaka 1872 yakaja maradhi ya mafua ya farasi. Yalianzia upande wa Toronto, na kwa muda wa majuma machache tu yakaenea katika miji ya Marekani. Tramu zikasimama. Mwezi wa Novemba mji wa Boston ulishika moto mkubwa, na wazima moto ikawabidi kuvuta mashini zao kwa mikono. Tangu hapo kila mwenye kampani alitaka dawa ya kumwepuka farasi.

Kabla ya kuzitaja dawa hizo, tumtazame mtu aliyeshika hatamu. Dereva alisimama mbele ya gari mahali pasipo na kioo wala ukuta, katika mvua na theluji, saa 14 na hata 16 kwa siku. Someni tena hesabu ya farasi: saa 4 au 5. Farasi akifa, kampani imepoteza dola zake. Dereva akiugua, mwingine amesimama langoni anangoja kazi, wala hanunuliwi. Hapo ndipo ilipo siri ya habari hii yote.

Wavumbuzi walijaribu mambo mengi, na mengine yanachekesha. Walileta injini ndogo ya moshi wakaifunika kwa bodi mfano wa gari la abiria, ili farasi wa watu wengine barabarani wasishtuke. Katika New Orleans daktari mmoja wa meno, jina lake Emile Lamm, alitengeneza injini isiyo na moto wowote: boila ilijazwa maji ya moto sana yenye mvuke uliobanwa, ikaenda mpaka mvuke ulipopungua, kisha ikajazwa tena. Huko Ufaransa, mtu aitwaye Mékarski alitumia hewa iliyoshindiliwa ndani ya mitungi, na kuanzia mwaka 1879 tramu za mji wa Nantes ziliendeshwa hivyo kwa miaka mingi.

Uvumbuzi uliopata nguvu zaidi mwanzoni ulikuwa wa kamba. Andrew Hallidie, fundi wa kamba za waya katika San Francisco, alichimba mfereji chini ya barabara ya Clay Street yenye mlima mkali, akapitisha humo kamba ya waya izungukayo bila kusimama, ikivutwa na injini ya mvuke iliyokaa mahali pamoja. Alijaribu mwezi wa Agosti 1873, na Septemba abiria wakaanza kupanda. Gari lilikuwa na koleo kubwa lililoshuka katika ufa mwembamba wa barabara. Mshika kamba alivuta mkono wa chuma, koleo likabana kamba, gari likaondoka; akilegeza, akafunga breki, gari likasimama. Chicago walifuata mwaka 1882, na baadaye miji mingine zaidi ya ishirini.

Kazi ya mshika kamba ilitaka misuli na akili. Mahali njia mbili zilipokutana ilimpasa kuiachia kamba, kulipitisha gari kwa mwendo lililokuwa nao, kisha kuikamata tena upande wa pili. Akisahau, kamba huharibika. Na uzi mmoja wa waya ukikatika na kunasa katika koleo, gari haliwezi kuiachia kamba tena. Linavutwa tu, na aliye mbele ajihadhari. Katika New York, kwenye kona ya Broadway karibu na Union Square, haikuwezekana kulegeza kamba konani, basi gari lilipita kwa mwendo wake wote. Watu wakapaita Kona ya Mtu Mfu. Lawama za kwanza zilimpata nani kila ajali? Kila mwanachama aliyepata kuitwa ofisini kujieleza anajua jibu.

Hata hivyo kamba nayo ilikuwa na kasoro, maana sehemu kubwa ya nguvu ya injini iliishia katika kuivuta kamba yenyewe na kuzungusha roda zake. Ndipo ulipokuja umeme. (Sisi Kenya twauita stima, ingawa neno hilo lilikuwa la mashini ya mvuke, mshindi alirithi jina la aliyeshindwa.) Siemens alianzisha tramu ya umeme karibu na Berlin mwaka 1881. Umeme wake ulipita katika reli zenyewe, hata farasi aliyezikanyaga penye kivuko alirushwa. Frank Sprague ndiye aliyetengeneza mtambo wa kutosha mji mzima, katika Richmond, Virginia: magari 40, njia ya maili 12, yenye milima. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba usiku wa majaribio mota iliharibika mlimani, akamtuma msaidizi wake mbele ya watu akalete “vyombo” vya kuitengeneza. Vyombo vilipofika vilikuwa nyumbu wanne wakubwa wa kulivuta gari. Lakini Februari 1888 njia ilifunguliwa, na mambo yakaenda mbio. Mwaka 1890 karibu asilimia 70 ya njia za tramu za Marekani zilikuwa bado za wanyama. Mwaka 1902 asilimia 97 zilikuwa za umeme.

Miaka kumi na miwili tu. Saisi aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na tano wakati ule hakufika arobaini kabla mazizi hayajafungwa. Dereva aliweza kujifunza kushika mkono wa mota, lakini anayejua kuangalia kwato na kuchanganya shayiri alikuwa na nini cha kuuza?

Na aliyebaki, je, alipumzika? Mota haichoki, basi saa zake hazikupunguzwa na mota. Gari la umeme lilikwenda kwa kasi kuliko la farasi, na kwa hiyo upepo wa baridi ulimkata zaidi dereva aliyesimama palepale pasipo kioo. Saa zilianza kupungua pale watu waliposimama pamoja. Mwaka 1886, farasi wakiwa bado barabarani, madereva na makondakta wa New York waligoma wakidai siku ya saa 12 kwa dola 2. Mahali pengine walishinda, mahali pengine walivunjwa. Mwaka 1892 wajumbe walikutana Indianapolis wakaunda chama kimoja cha wafanyi kazi wa tramu. Moja katika madai ya miaka ile lilikuwa kioo cha kumkinga dereva, na jimbo la Ohio lilitunga sheria ya jambo hilo mwaka 1893. Kampani zilizotumia fedha nyingi kwa nyaya na mitambo zililazimishwa kwa sheria kununua kioo!

Msidhani haya ni ya ng’ambo tu. Katika Mombasa, miaka ya mwanzo ya karne ya 20, palikuwa na reli nyembamba kutoka Kilindini hadi Mji wa Kale, na juu yake vigari vyenye viti na kivuli kwa mabwana. Hapakuwa na farasi wala kamba wala mvuke. Vilisukumwa na watu, Waafrika, wakikimbia nyuma. Hakuna mvumbuzi aliyehangaika kutafuta kitu cha kuwapumzisha hao, kwa kuwa hakuna aliyelipa dola 200 kuwanunua.

Basi wajumbe wa matawi, mashini mpya ikitajwa, msianze kubishana kama ni nzuri au mbaya. Ulizeni kwanza ni kazi zipi zitakufa na katika mwaka gani, na kama wenye kazi hizo watafundishwa nyingine kabla, wakiwa bado wanalipwa. Ulizeni saa za zamu zitakuwa ngapi, na lawama ya ajali itakuwa ya nani mtambo ukikwama. Takeni majibu kwa maandishi, yenye sahihi, kabla mashini haijashushwa melini, na nakala iletwe hapa ofisini kwa katibu.