Virusi kichwani: Je, tiba hii ni salama?

UKIMWAMBIA mtu aliye na uvimbe wa saratani ubongoni kwamba daktari anataka kumdunga virusi kichwani, atadhani unamfanyia mzaha. Si virusi ndivyo tunavyovikimbia kila siku? Lakini Japani jambo hili si mzaha. Juni 2021 serikali ya huko iliidhinisha, kwa masharti, dawa iitwayo Delytact. Dawa yenyewe ni virusi vya hepesi, jamaa ya vile vinavyotutoa malengelenge midomoni.

Mke wa mgonjwa atauliza, na ana haki: vikishaingia, vitakomea wapi? Hepesi ya kawaida ikifika ubongoni yaweza kuua. Profesa Tomoki Todo na wenzake huko Tokyo walizivuruga jeni tatu za virusi hivyo. Kwa sababu hiyo haviwezi tena kuzaana katika seli nzima za ubongo. Huzaana ndani ya seli za saratani, zile zinazogawanyika ovyo, na kuzipasua. Moja ya jeni hizo ndiyo iliyokuwa ikivificha, na sasa kinga ya mwili huviona, ikauona na uvimbe wenyewe. Isitoshe, asaikloviri, dawa ya siku nyingi ya hepesi, bado inaviua vikileta ukorofi.

Wagonjwa 19 walidungwa katika majaribio, hadi mara sita kila mmoja. Wengi walishikwa na homa, na baadhi walitapika. Si jambo la kutisha ukikumbuka ugonjwa wenyewe.

Hatari ninayoiona kubwa zaidi ni ya nafasi. Fuvu la kichwa halitanuki. Kinga ya mwili inapoushambulia uvimbe, mahali hapo hufura kwanza, na mgonjwa aweza kuumwa kichwa vibaya, kupatwa na kifafa au kulegea upande mmoja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliligundua hilo walipotumia virusi vya chanjo ya polio vilivyounganishwa na kipande cha virusi vya mafua. Iliwabidi wapunguze dozi. Tena kati ya wagonjwa wao 61, mmoja alivuja damu ubongoni mara mrija wa kupitishia dawa ulipotolewa. Hapo usivilaumu virusi. Kutoboa kichwa ni kutoboa kichwa.

Kifo kilichowashtua watafiti wa tiba hizi hakikuhusu ubongo kabisa. Septemba 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, aliyekuwa na kasoro ya ini ya kurithi, alidungwa virusi vyenye jeni huko Pennsylvania. Kinga yake ilifoka mwili mzima, na siku nne baadaye akafa. Ilikuja kugunduliwa kwamba fomu aliyotia sahihi haikusema kuwa nyani walikuwa wamekufa katika majaribio ya awali. Kwa hiyo, msomaji, fomu ya hospitali isomwe yote kabla ya kalamu kuguswa, hata kama daktari ana haraka.

Na usalama peke yake hautoshi. Dawa ya Toca 511, virusi vilivyobeba jeni ya kugeuza kidonge kuwa sumu ndani ya uvimbe, haikuwa na madhara makubwa. Ilijaribiwa kwa watu 403, na matokeo yakatoka mwaka 2019: walioipata waliishi miezi 11 hivi, na waliopewa matibabu ya kawaida miezi 12.

Kule Japani, wagonjwa 16 kati ya wale 19 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Inatia moyo, ila hapakuwa na kundi jingine la kuwalinganisha nalo. Ndiyo maana idhini ikawa ya masharti, na mtengenezaji akatakiwa kuendelea kukusanya taarifa za wanaodungwa.