Siku mbili Unguja na mtoto mdogo: usilipie picha ya bahari

*Sehemu ya 1*

Kila sikukuu au likizo za skuli zikikaribia napata ujumbe uleule: "Nesi, tunakuja Unguja siku mbili na watoto, tukae wapi?" Sijajibu, picha ishaingia. Chumba cheupe, kitanda kimemwagiwa maua, dirisha linatazama bahari. Nungwi hiyo, au Paje. Baba watoto keshaipenda, wifi keshaipenda, kilichobaki ni kulipa tu.

Jawabu langu ni moja na wengi hawalipendi. Kama una mtoto wa chini ya miaka mitano na una siku mbili tu, kaa mjini. Na hapo mjini usiingie ndani kabisa ya vichochoro. Kaa ukingoni, upande wa Darajani, Mkunazini au Vuga, pahala gari inapofika mlangoni au karibu na mlango. Nishaambiwa nina wivu, nishaambiwa naharibia watu biashara. Haya, leo nasema sababu zangu.

*Sehemu ya 2*

Tuanze na hesabu. Boti kutoka Dar ni kama saa mbili, na bahari ikichafuka mtoto anashuka Malindi keshatapika kila kitu. Kutoka hapo Nungwi ni karibu kilomita 60, saa moja na zaidi ndani ya gari. Kwenda na kurudi, safari yako ya siku mbili ishaliwa nusu siku.

Na mtoto anakaa wapi humo garini? Mapajani. Teksi yenye kiti cha mtoto huku ni ya kutafuta kwa tochi. Mtu akikwambia "mshike vizuri tu mama", mwambie nesi kasema mikono ya mama haina nguvu hiyo. Gari ikifunga breki ghafla, mtoto anachomoka. Kutoka bandarini hadi Darajani ni mwendo mfupi. Hiyo ndo tofauti ya kwanza, na haionekani kwenye picha.

*Sehemu ya 3*

Mnanambia: "Kwani shamba hakuna hospitali?" Zipo. Kaskazini ipo Kivunge, kusini ipo Makunduchi, na miaka hii zimejengwa za wilaya. Wenzangu wanafanya kazi huko na wanaifanya vizuri. Mimi nauliza jambo jengine: saa nane za usiku, mtoto anachemka homa, gari ya nani? Mwenyeji ana jirani, ana shemeji mwenye pikipiki. Wewe mgeni una namba ya mapokezi, na mtu wa mapokezi kalala.

Dalili hizi hazisubiri asubuhi: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, kapata degedege, au kalegea hata kuzindukana ni tabu. Na kachanga ka chini ya miezi miwili kakipata homa, homa hiyo peke yake inatosha kukutoa kitandani. Ukiwa Darajani, Mnazi Mmoja haifiki hata kilomita mbili.

*Sehemu ya 4*

Sasa lile neno linaloniudhi: "Darajani si pa kukaa wageni, kelele na uchafu."

Kelele zipo. Marikiti ile imejengwa mwaka 1904, hainyamazi leo kwa sababu yako. Ukipita upande wa samaki mchana utaziba pua, sikudanganyi. Lakini angalia anachohitaji mtoto mdogo kwa siku mbili. Ndizi mbivu, embe, mayai, maziwa, nepi zikiisha, pakiti ya ORS, duka la dawa. Vyote hivyo unavifuata kwa miguu. Ukiwa kwenye hoteli ya ufukweni, ndizi moja unaiagiza jikoni na unaisubiri.

Na tusidanganyane kuhusu hilo neno "wageni". Jina Darajani limetokana na daraja lililovuka mkono wa bahari, uliougawa Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yalishafukiwa zamani, barabara imepita juu yake, lakini daraja bado limo vichwani mwa watu: upande ule wa wageni, upande huu wa sisi. Mama wa Tanga au wa Mombasa anakuja kwa ndugu zake anaambiwa akae mbali na soko, kama vile soko lina ugonjwa. Sisi tumelelewa hapa hapa na tumekua.

*Sehemu ya 5*

Msije mkasema naupamba Mji Mkongwe. Ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, sawa, lakini wajenzi wa nyumba zile hawakufikiria mtoto wa miezi kumi na moja anayetambaa. Ngazi zimesimama kama za minazi. Roshani zina nafasi baina ya nguzo. Kipimo changu ni chepesi: kama ngumi yako inapita, usimwache mtoto hapo hata dakika moja. Juu ya paa kuna viti vya kunywea chai, na ukuta unamfika mtu mzima magotini.

Na nyumba ni za mawe, chokaa na boriti. Maji yakiingia, zinachoka. Beit al-Ajaib ilianguka sehemu yake Disemba 2020 na watu walikufa. Sisemi kila nyumba itaanguka, nyingi zinatunzwa. Nasema uliza, angalia nyufa na unyevu ukutani, na uombe chumba cha chini.

*Sehemu ya 6*

Kabla ya kutuma pesa, muulize mwenye nyumba haya, kwa maandishi:

– Gari inafika wapi? Kutoka hapo hadi mlangoni ni hatua ngapi?
– Chumba ghorofa ya ngapi, na ngazi zina pa kushika?
– Chandarua kipo, kizima, kinafika chini ya godoro?
– Umeme ukikatika, maji yanatoka?
– Pana jiko au birika la kuchemshia maji ya uji?
– Kama kuna bwawa la kuogelea, lina uzio na mlango unaofungwa?
– Usiku nani yupo macho, na namba yake ipi?

Hilo la bwawa lisome mara mbili. Mtoto anayezama hapigi kelele. Anazama kimya, kwenye maji yanayokufika wewe magotini, wakati unajibu simu. Zile picha za mlango wa chumba unaofungukia bwawani, mimi sioni uzuri. Naona kazi.

Mwenye nyumba akikujibu "usijali dada, watoto wengi wanakuja", hajakujibu. Tafuta mwengine.

*Sehemu ya 7*

"Lakini watoto wanataka bahari." Wapeni. Kodini gari asubuhi, nendeni, mrudi kabla ya Magharibi mlale mjini. Mkichagua Paje au Jambiani, jueni maji yakitoka yanatoka mbali mno, na mtoto asikanyage kule bila viatu, kuna miba ya urchini, mwenyeji atakuonesha. Mkienda Changuu kutazama makobe, msipande chombo kisicho na jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto. La mtu mzima linamvuka kichwani, halimsaidii.

Jioni Forodhani inatosha. Mtoto ale kilichotoka motoni mbele ya macho yako. Juisi yenye barafu usiyojua maji yake, mwache baba ajaribu. Na mkija Ramadhani, mchana mikahawa mingi imefungwa, kwa hiyo jiko la chumbani linakuwa si anasa tena.

Ukiwa na wiki nzima na watoto wakubwa wanaojua kuogelea, Nungwi nenda na ufurahi. Sina ugomvi na Nungwi. Ugomvi wangu ni kumpeleka mama na mtoto anayenyonya akalale mbali na kila msaada, kisha tukaita mapumziko. Baba anapiga picha, mama anafukuzana na mtoto ukingoni mwa bwawa siku mbili. Nani kapumzika hapo?

*Sehemu ya 8, mwisho*

Wenye nyumba za wageni mnaonisoma, hili ni lenu. Wavu wa roshani hauna gharama ya kukufilisi. Geti la ngazi fundi wa mbao analitengeneza. Andikeni kwenye tangazo gari inafika wapi na chumba kiko ghorofa gani, hata kama picha haitapendeza.

Na wewe mama, usione haya kuuliza maswali saba kwa chumba cha siku mbili. Ukiitwa msumbufu, itika. Mtumie baba watoto posti hii leo, kabla hajalipa.