DAWA TUMEZE, NA MAPUMZIKO TUPEWE

Wanachama wenzetu wa Kiandutu,

Siku hizi kuna mafundisho mapya kazini. Mfanyakazi akipimwa na kukutwa na presha huambiwa: "Punguza mawazo, vuta pumzi taratibu, tulia." Kisha hurudishwa kwenye zamu yake ya saa 12. Twauliza, atulie wakati gani?

Hatubishi kuwa kutulia kunasaidia. Kuketi dakika 10, kulegeza mabega na kuvuta pumzi polepole, kama mara 6 kwa dakika, hushusha presha kidogo. Hakuna gharama, na hata chumba cha mabati kinatosha, majirani wakinyamaza (jambo ambalo hapa kwetu si hakika!). Lakini ni kidogo. Aliyekutwa na 160 kwa 100 hataponywa na pumzi peke yake. Vidonge alivyopewa na avimeze kila siku, hata akijiona mzima, maana ugonjwa huu haupigi hodi. Na yule anayewaambia wenzetu watupe vidonge wanunue majani yake, huyo anauza vifo kwa rejareja.

Sasa tugeukie waajiri. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma yumo katika hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kwa sababu ya saa hizo ndefu. Je, hao walikosa mwalimu wa kuvuta pumzi? Walikosa usingizi!

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatoa siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Siyo zawadi ya nyapara. Lakini kibarua hufanya juma zima, akiogopa kuachwa nje ya lango kesho yake. Tena akienda kliniki kufuata vidonge, mshahara wa siku hiyo hukatwa. Basi mwezi wa pili haendi, na vidonge vyaisha.

Twadai siku ya mapumziko isiguswe, na siku ya kliniki ilipwe. Mwanachama aliyenyimwa na amletee mjumbe wa zamu yake tarehe, saa alizofanya na jina la msimamizi. Tutaziweka mezani mbele ya mwajiri.