Kipindi cha michezo kisiliwe na hisabati

Mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yakikaribia, shule zetu huamka. Jezi hutafutwa, wenye vipaji huchaguliwa na kupigishwa mazoezi. Mashindano yakiisha, mpira hurudi kabatini. Wanafunzi wengine, ambao ndio wengi, hata hawakuugusa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili walau dakika 60 kwa siku. Ratiba ina kipindi cha michezo, lakini mtihani wa darasa la saba ukinukia tu, hisabati inakila. Mwalimu hatumlaumu sana: anapimwa kwa ufaulu, hakuna anayemuuliza watoto wamekimbia mara ngapi. Viwanja navyo vinabanwa. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 wanafunzi wamefurika, na mahali pengine darasa jipya limesimama palipokuwa na goli.

Lakini afya ya mwanafunzi si ya mwili tu: linalotuuma zaidi ni la mtoto mwenye msongo wa mawazo. Aliyenyamaza ghafla, anayesinzia darasani, huitwa mvivu na pengine huchapwa, kabla mtu hajamuuliza kama jana alikula au nyumbani kuna nini. Mwalimu wa ushauri nasaha yupo, ila mara nyingi ana mzigo uleule wa vipindi kama wenzake. Atamsikiliza nani, saa ngapi?

Halmashauri zisiidhinishe jengo linalomeza uwanja. Wathibiti ubora wa shule wakague kipindi cha michezo kama wanavyokagua andalio la somo. Na mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi, kuanzia muhula ujao.